Kiti, mpira, vidumu au jim: kipi kimfae mzee anayeishiwa misuli?

Mzee anapoanza kushika meza kila anapotaka kusimama, anapoliacha dumu la maji alilokuwa akilibeba mwenyewe mwaka jana, au suruali inapomlegea mapajani ilhali kitambi kiko palepale, watu wa nyumbani humwambia mambo mawili: "ni uzee tu" na "jitahidi kutembea." La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni ushauri mwema usiotosha.

Misuli huanza kupungua taratibu tangu mtu akiwa na miaka 30 na kitu, kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Nguvu hushuka haraka kuliko unene wa msuli wenyewe, ndiyo maana mtu anaweza kuonekana ana mwili wake uleule lakini ngazi za ghorofa ya kwanza zikamshinda. Upungufu huu ukizidi, madaktari wanauita sarkopenia. Jina hilo lilipendekezwa na Irwin Rosenberg, mtafiti wa lishe wa Marekani, mwaka 1988, na tangu 2016 nchi hiyo imeupa namba yake katika orodha rasmi ya magonjwa. Kwa hiyo si jambo la kuvumilia kimyakimya. Tiba yake kuu haiuzwi duka la dawa: ni mazoezi ya nguvu, yaani kuufanyisha msuli kazi dhidi ya mzigo.

Kutembea kunasaidia moyo, sukari na usingizi, na anayetembea asiache. Ila miguu inayotembea inabeba uzito uleule kila siku, na msuli hauongezeki mpaka upewe kazi inayozidi ile uliyoizoea. Hapo ndipo familia nyingi zinapokwama. Wamekubali kwamba mama au baba anahitaji mazoezi ya nguvu, lakini kwa kutumia nini? Nyumbani au jim? Na vyuma si vitamuumiza?

Nalinganisha hapa njia nne ambazo familia ya kawaida inaweza kuzifikia: kiti na ukuta, mipira ya kuvuta, vidumu na vyuma vya mkononi, na mashine za jim. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mzee aliyepimwa presha na kuelekezwa vizuri, hatari ya mzigo unaopandishwa kidogokidogo ni ndogo kuliko hatari ya kubaki miaka na mzigo mwepesi usiobadilika huku miguu ikiendelea kuisha. Basi swali la kuiuliza kila njia ni hili: je, mwezi ujao itamruhusu mzee kuongeza mzigo kidogo, bila woga na bila kuumia?

Kwanza pima miguu

Umri si kipimo kizuri. Kuna bibi wa miaka 80 anayepanda mlima wa shambani na kuna mstaafu wa 63 asiyeweza kuinuka kwenye sofa. Pima hivi: kiti kigumu chenye urefu wa kawaida, mgongo wa kiti umegusa ukuta, mtu mwingine amesimama ubavuni. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa mara tano, kwa kasi anayoiweza. Kundi la wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia sarkopenia, katika vigezo walivyovipitia upya 2018, wanasema ikizidi sekunde 15 basi kuna dalili ya udhaifu wa misuli. Kipimo chao kingine cha nyumbani ni mwendo: pima mita 4 sakafuni. Anayezitembea kwa sekunde 5 au zaidi, kwa mwendo wake wa kawaida, mwendo wake umeshuka. Hospitali zenye kifaa cha kupima nguvu ya kiganja hutumia kilo 27 kwa wanaume na kilo 16 kwa wanawake kuwa mpaka wa chini.

Andika sekunde hizo pamoja na tarehe. Utazihitaji.

Kuna watu ambao wasianze kabla ya kumwona daktari: mwenye presha inayozidi 180 kwa 110, mwenye maumivu ya kifua, anayehema akiwa amekaa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye ngiri, mwenye kisukari kilichogusa macho, na aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu. Naongeza mmoja ambaye husahaulika sana: mzee aliyekonda ghafla ndani ya miezi michache. Huyo usimpe mazoezi ukidhani ni misuli ya uzee. Kifua kikuu, kisukari kisichogunduliwa, tezi ya shingo na saratani vyote hukondesha. Apimwe kwanza.

Kwa kutazama mara moja

| Njia | Inafaa zaidi kwa | Inakwama wapi | Cha kuangalia |
|---|---|---|---|
| Kiti na ukuta | Anayeanza, anayeogopa kuanguka | Misuli ya mgongo. Miguu ikishazoea | Kiti kuteleza au kupinda |
| Mipira ya kuvuta | Mabega na mgongo. Anayehamahama | Mapaja yenye nguvu. Mzigo haupimiki | Kukatika, kufyatuka usoni |
| Vidumu na vyuma | Kupandisha mzigo kidogokidogo nyumbani | Viganja dhaifu | Kuinama vibaya, kuangusha mguuni |
| Mashine za jim | Nguvu za miguu, hata kwa asiyesimama imara | Nauli na ada. Haifundishi kusimama bila kuyumba | Uzito wa kuanzia, mwalimu asiyezoea wazee |

Kiti na ukuta

Hii ndiyo njia ya kuanzia kwa wengi, na ina jambo moja ambalo nyingine zote hazina: zoezi lenyewe ndilo shughuli mzee anayoihitaji. Anayejizoeza kusimama kutoka kwenye kiti anapata nguvu za kusimama kutoka kwenye kiti, chooni na kwenye daladala.

Kosa kubwa ni kiti chenyewe. Viti vya plastiki ambavyo viko kila nyumba havifai. Miguu yake inapanuka mtu anapokaa kwa kishindo, na kwenye sakafu ya vigae au saruji iliyong'arishwa vinateleza kinyumenyume. Tafuta kiti cha mbao kizito, kisukumwe mpaka ukutani. Mzee avue soksi au avae viatu vya soli ya mpira, asivae kandambili. Akishindwa kusimama bila mikono, muwekee mto mgumu au blanketi lililokunjwa ili akae juu zaidi. Hilo ni zoezi halali kabisa, na kadiri anavyopata nguvu unapunguza blanketi tabaka moja. Kushuka ndiko kunakojenga zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo akae akihesabu moja hadi nne, asijidondoshe.

Mikono ina ukuta: viganja ukutani usawa wa mabega, miguu nyuma kidogo, anauinamia ukuta kwa kukunja viwiko kisha anausukuma. Ukishakuwa mwepesi, ahamie kwenye ukingo wa meza nzito isiyosogea. Visigino vina nondo za dirisha: anazishika, anapanda juu ya vidole, anashuka polepole. Ngazi moja ya mlangoni inatosha kwa kupanda na kushuka, mguu mmoja kwa wakati, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango.

Kwa Waislamu wazee naongeza jambo. Wengi huhamia kuswali kwenye kiti pale magoti na mapaja yanapokataa kuinuka kutoka kwenye sijda. Ikiwa sababu ni udhaifu wa misuli, si ugonjwa wa kiungo, zoezi la kiti lililopunguzwa urefu taratibu ndilo linalorudisha uwezo huo kwa wengine. Kujua kuinuka kutoka chini ni kinga pia kwa mtu yeyote, maana anayeanguka akiwa peke yake na hawezi kunyanyuka hulala sakafuni mpaka mtu aje.

Udhaifu wa njia hii ni wa aina mbili. Kwanza, hakuna kitu cha kuvuta, kwa hiyo misuli ya katikati ya mgongo, ile inayomzuia mzee kupinda mbele, haipati kazi. Pili, siku inafika ambapo mzee anasimama mara kumi na tano huku anapiga hadithi. Hapo zoezi limegeuka kuwa shughuli ya kawaida tu, na wengi hubaki hapo miaka wakijihesabu kuwa wanafanya mazoezi. Akifika hapo ahame, au ashike kidumu kifuani.

Mipira ya kuvuta

Mikanda ya mpira inayouzwa kwenye maduka ya michezo na ya vifaa vya hospitali ina faida tatu za kweli: ni myepesi, inaingia kwenye mkoba, na haiwezi kumwangukia mtu mguuni. Kwa mzee anayekaa miezi mitatu kwa mtoto wa mjini kisha anarudi kijijini, hii ndiyo njia ambayo haimwachi. Na inaziba pengo la kiti: ukiuzungusha mpira kwenye nguzo imara usawa wa kifua, mzee akauvuta viwiko vikielekea nyuma, mgongo na nyuma ya mabega vinafanya kazi. Tafiti zilizolinganisha mipira na vyuma zimeona ongezeko la nguvu linalokaribiana pale mtu anapoufanyia mpira kazi ya kweli.

Tatizo ni hilo neno "kweli." Mpira hauna kilo zilizoandikwa. Rangi zinatofautiana ugumu kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na huo mmoja unakuwa mgumu mwisho wa kuvuta tu, mwanzo ukiwa mlegevu. Mzee anayesogea nusu hatua karibu na nguzo amejipunguzia mzigo bila kujua, na wewe hujaona. Weka alama ya chaki au utepe sakafuni, asimame hapo kila mara. Alama ikisogea nyuma, mzigo umepanda. Kwa mapaja, mpira unakuwa mwepesi mapema, hasa kwa wanaume.

Watu huuliza kuhusu tyubu ya tairi, ile mipira inayokatwa kufungia mizigo kwenye baiskeli na bodaboda. Inafanya kazi, nami siikatazi kwa kuvuta kuelekea tumboni au kifuani. Masharti: iwe mipya, isiwe imekaa juani ikaota nyufa, ikunjwe ncha na kuzungushiwa kitambaa kwa sababu ngozi ya mzee ni nyembamba na inachubuka, na isivutwe kamwe kuelekea usoni. Usifunge kwenye kitasa cha mlango ambao mjukuu anaweza kuufungua.

Vidumu na vyuma vya mkononi

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukweli huo mdogo unaipa kila nyumba vyuma vinavyopimika kuliko vya jim nyingi. Kidumu cha lita 5 kikitiwa lita 2 ni kilo 2 na uzito kidogo wa plastiki; wiki mbili baadaye unaongeza nusu lita. Dukani mara nyingine utalazimika kuruka kutoka chuma cha kilo 2 hadi cha kilo 4, na kwa bega la mama wa miaka 75 mruko huo ni mkubwa mno. Ubaya wa maji ni kwamba yakiwa nusu yanacheza ndani na kumyumbisha, kwa hiyo kwa anayetetereka tumia chupa ndogo zilizojaa mpaka juu, au mchanga mkavu.

Kwa miguu, njia iliyothibitishwa vizuri ni uzito wa kufunga kwenye kifundo. Programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, miaka ya 1990, ambayo sasa inatumika nchi nyingi, ni hiyo hasa: wazee nyumbani kwao, uzito mdogo umefungwa kifundoni, wananyoosha goti wakiwa wamekaa na kunyanyua mguu pembeni wakiwa wamesimama, pamoja na mazoezi ya kusimama bila kuyumba, mara tatu kwa wiki, na siku nyingine kutembea. Maanguko yalipungua kwa karibu theluthi moja. Fundi cherehani anaweza kukushonea mifuko miwili mirefu ya kitambaa kigumu ikajazwa mchanga nusu kilo kila mmoja, yenye kamba za kufungia. Vile vya dukani ni vizuri zaidi kwa sababu havivuji, lakini ukosefu wake usiwe sababu ya kutoanza.

Hatari hapa iko kwenye kuokota zaidi kuliko kwenye kunyanyua. Mzee anamaliza seti, yaani marudio kadhaa mfululizo, vizuri, anakiweka kidumu chini, kisha anainama kwa mgongo uliopinda kukichukua tena, na hapo ndipo kiuno kinapolia. Vidumu vikae juu ya meza au stuli, visikae sakafuni. Mwenye baridi yabisi ya vidole asilazimishwe kushika mpini mwembamba. Uzungushie kitambaa unene, au mfungie mzigo kifundoni na kwenye mkoba wa kubeba kifuani. Mwenye bega linalouma asinyanyue juu ya kichwa. Kusukuma ukuta kunamtosha.

Na mwenye mifupa dhaifu? Watu humkataza kila kitu kizito, na hilo linahitaji kuangaliwa upya. Nchini Australia, jaribio la Chuo Kikuu cha Griffith lililotangazwa 2018 liliwapa wanawake waliokoma hedhi, wenye mifupa iliyopungua, mazoezi mazito kwelikweli ya vyuma mara mbili kwa wiki kwa miezi minane. Mifupa yao ya uti wa mgongo iliongezeka, na hawakuvunjikavunjika kama ilivyohofiwa. Lakini kila kipindi kilisimamiwa na mtaalamu, mwanzo wakifundishwa mkao tu kwa uzito mdogo. Usichukue sehemu ya kwanza ya habari hiyo ukaiacha ya pili. Nyumbani, bila msimamizi, mwenye mifupa dhaifu aepuke kabisa kuinama mbele au kujipinda kiuno akiwa na mzigo.

Mashine za jim

Picha ya jim kwa wazee wetu wengi ni vijana, muziki mkubwa na vioo. Picha hiyo inawanyima kitu kizuri. Ile mashine ya kusukuma kwa miguu ukiwa umekaa inambeba mzee mgongo na makalio, haimdai asimame imara, na inaweza kumpa mapaja yake mzigo ambao nyumbani usingethubutu kumpa. Mtu dhaifu sana anafaidika nayo kuliko kijana.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ninaoujua uko upande huu. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha matokeo ya wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wastani wa umri miaka 90, waliofanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane: nguvu ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Mwaka 1994 walirudia na watu 100 kwa wiki kumi, na nguvu zikapanda kwa asilimia 113 kwa waliofanya mazoezi. Jaribio hilo la pili lilipima na kinywaji cha lishe: waliokipewa bila mazoezi hawakupata nguvu. Sijui namna ya kulieleza wazi zaidi ya hapo kwa familia zinazotumia fedha nyingi kununua makopo ya unga wa protini huku mzee amekaa kitini kutwa.

Habari ya karibu zaidi inatoka Copenhagen, na imetangazwa 2024. Watu 451 wa umri wa kustaafu waligawanywa makundi matatu kwa mwaka mmoja: mashine nzito mara tatu kwa wiki, mazoezi ya wastani ya uzito wa mwili na mipira, na kundi lililoendelea na maisha yake. Walipopimwa miaka minne tangu mwanzo, kundi la mashine nzito peke yake ndilo lililobaki na nguvu za miguu kama za siku ya kwanza. Walikuwa watu wenye afya, kwa wastani wakitembea hatua karibu 10,000 kwa siku, na kutembea huko hakukuzuia nguvu kushuka kwa wengine.

Kwa hiyo mashine zimeshinda? Kwa nguvu za mapaja, ndiyo. Kwa maisha ya mzee wa Tandika, Dar es Salaam, au Kisauni, Mombasa, bado. Kuna nauli, kuna ada ya mwezi, kuna ngazi za kufika ghorofa ya pili ambako jim iko, na kwa akina mama wengi kuna suala la sitara: kama hakuna saa za wanawake peke yao, hatarudi. Mashine nyingine zina uzito wa chini kabisa unaowazidi kina mama wembamba. Na kwa kuwa mashine inambeba mtu, haimfundishi kusimama bila kuyumba, jambo ambalo anayeanguka analihitaji kuliko yote. Anayefanya mazoezi jim bado anahitaji dakika kumi za kusimama mguu mmoja akiwa karibu na ukuta.

Mwalimu ndiye wa kuchunguzwa kabla ya kulipa. Akimpokea mzee bila kumuuliza presha, dawa anazotumia na kama amewahi kuanguka, ondokeni. Akianza kwa kutafuta uzito mkubwa kabisa anaouweza mzee siku ya kwanza, ondokeni. Akimpa uzito mdogo, akamwangalia anavyopumua, akaandika kwenye daftari, huyo ana thamani kuliko mashine zake. Pale ambapo hapatikani, hospitali kubwa nyingi zina idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Mahudhurio machache ya kufundishwa, kisha kuendelea nyumbani, ni matumizi mazuri ya fedha. Kwa aliyepata kiharusi, mwanzo uwe huko.

Yanayohusu njia zote

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na yale yanayochanganya nguvu na kusimama bila kuyumba siku 3 au zaidi. Acha siku moja au mbili kati ya vipindi kwa misuli ileile. Seti moja inatosha mwanzoni, baadaye mbili au tatu, za marudio 8 hadi 12. Aache anapohisi angeweza kuongeza mawili au matatu tu. Akiweza kuongeza sita, mzigo ni mwepesi. Asipoweza hata moja, umemzidi. Vipindi viwili mfululizo akifikisha 12 kwa urahisi, ongeza.

Pumzi ndilo jambo la usalama ninalolisisitiza kuliko mengine. Anayebana pumzi wakati wa kusukuma anaipandisha presha yake ghafla. Mwambie ahesabu kwa sauti, au amtaje mjukuu mmoja mmoja kwa jina, mradi mdomo uwe wazi anapotumia nguvu. Wanaotumia dawa za presha wakae kidogo kabla ya kuinuka baada ya zoezi linalofanywa mtu akiwa amelala. Wanaochoma insulini wasifanye kabla hawajala. Wanaofunga Ramadhani, saa moja au mbili baada ya futari ni wakati mwafaka zaidi kuliko alasiri.

Misuli kuuma kesho yake, pande zote mbili, kwa siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya mahali pamoja, kiungo kilichovimba, kizunguzungu au kifua kubana si kawaida. Acha, na kifua usisubiri kesho.

Chakula kinaingia hapa kwa sababu msuli hujengwa kwa protini. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa kama 8. Dagaa wakavu ni hazina. Kwa asiye na meno wasagwe wachanganywe kwenye mboga. Chai na mkate jioni, ambayo ndiyo chakula cha usiku cha wazee wengi, haikaribii. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari wake.

Kama ningekuwa namchagulia mzazi wako

Asiyeweza kusimama bila mikono: kiti kilichoinuliwa kwa blanketi, na mifuko ya mchanga kifundoni akiwa amekaa. Kama jim yenye mwalimu mzuri iko karibu na kuna mtu wa kumpeleka, mashine ya miguu ingemsaidia haraka zaidi kuliko yeyote mwingine.

Anayesimama lakini kwa zaidi ya sekunde 15: kiti na vidumu, pamoja na kipande cha mpira kwa ajili ya mgongo. Ukinilazimisha kuchagua seti moja kwa nyumba nyingi, ni hii. Inagharimu karibu bure, inapimika, na inapanda.

Mstaafu wa miaka 60 na kitu mwenye afya na uwezo wa ada: jim, mzigo mzito, mwaka mzima, kabla miguu haijashuka. Huyu ndiye mipira myepesi inayomdhulumu zaidi.

Mwenye magoti mabovu: asiachwe. Anyooshe goti akiwa amekaa, mwanzo bila uzito, kisha na nusu kilo, na kiti kiwe juu. Mapaja yenye nguvu hulipunguzia goti maumivu.

Baada ya wiki nane rudia kipimo cha kiti kile kile, mtu yule yule akishika saa. Sekunde zikishuka, endelea na uongeze mzigo. Zisiposhuka, angalia kwanza kama mzigo ulipanda hata mara moja tangu mlipoanza, kisha angalia sahani yake ya jioni. Vyote viwili vikiwa sawa na miguu bado haijasogea, mpeleke kwa daktari na ile karatasi ya sekunde na tarehe.